Karani wa Juu ya Friji

Baba hakutaka ile sauti ya kampuni
inayokuita mpendwa mteja.
Akasema, mwite Karani.
Basi tukamwita Karani,
na kila muuza karanga alipopita uchochoro wetu wa Pasua
akinadi,
juu ya friji kitaa cha buluu kiliwaka:
"Naam, mzee?"

Ni kompyuta ya kiganja, nimeinunua kwa mkopo wa kikoba,
nikaivalisha kopo la kahawa nililolitoboa kwa msumari
ipate kupumua.
Maneno ya baba hayapandi kwenda kwenye wingu la watu.
Yanaingia kopo, yanaishia kopo.
Hapa kwetu wingu ni la mlima tu.

Mwanzoni alijua saa, basi.
Nikamwongezea dawa ya macho: tone asubuhi, tone usiku,
na asinyamaze mpaka baba aseme "nimeweka."
(Baba alijua kudanganya kabla Karani hajajua kukagua.)
Nikamwongezea redio, uniti za umeme,
meseji za ukoo, michango na misiba.
Kila stadi nimeipa folda yake, mlango wake, ufunguo wake,
kama vyumba vya kupanga:
wa redio akizirai, wa dawa anaendelea kupika.
Usiku ule redio ilipogoma katikati ya taarifa
niliing'oa, nikaipangusa, nikairudisha,
na baba hakukosa tone lake.

"Shimbonyi," alimwambia kila alfajiri.
Kimya.
Ilinichukua Jumapili mbili kumfundisha kuitika,
maana sauti ya baba asubuhi ina kokoto.

Halafu akaomba mlima.

Miaka thelathini na mmoja alichambua kahawa kinuni;
punje mbovu ilimwita kwa pembe ya jicho.
Sasa hospitali imeshasema ilichosema,
naye hukaa barazani, uso kaskazini,
akimuuliza yeyote apitaye: "Umetoka?"
Watoto wa shule hujibu huku wakikimbia.
Wakubwa wana haraka.

Nikafunga kamera kwenye ukingo wa bati,
nikaandika stadi ya mistari arobaini:
tazama juu, pima weupe, linganisha na jana, sema.
"Karani, umetoka?"
"Umetoka, mzee. Kibo chote."
Baba akaliweka koti lake sawa,
kama mtu anayetazamwa.

Kisha, wiki moja ya Januari,
Jumatatu: "Umejifunika."
Jumanne: "Umejifunika."
Jumatano Mama Ndekirwa akachungulia juu ya ukuta:
"Baba Aikande, leo je! Mweupe kama sufuria ya harusi!"

Nilipanda ngazi na kitambaa.
Buibui alikuwa ametanda kwenye lenzi,
kwa ufundi, bila papara.
Nikashuka nikamweleza baba, akacheka hadi akakohoa:
"Kumbe na Karani ana mtoto wa jicho!"

Nikamwambia pole, siku tatu hukujua.
"Nilijua tangu Jumatatu.
Mlima ukilala wazi, baridi yake inashukia hapa,"
akajigusa shingo,
"na kunguru wa kanisani wanaanza mapema."
Mbona hukusema?
Akapapasa kikombe, akakipata.
"Nilimwonea haya. Ndiyo kwanza ameanza kazi."

Chai ikapoa kidogo.
"Aikande, kuna chumba kingine kwenye hilo kopo?"
Kipo.
"Mfundishe kusema sijui."

Hiyo imekuwa ngumu kuliko zote.
Naiandika, naifuta.
Weupe kiasi gani ni theluji, kiasi gani ni ukungu,
kiasi gani ni buibui,
na ni wapi katikati ya hayo mtu anyanyue mikono?
Jana alisema sijui kwa kila kitu, hata saa,
na baba, kiganja sikioni, akamwambia:
haya, tuanze na saa.