Mfupa wa Mguuni

Kata pua, uunge wajihi. Msemo huu ni mwepesi
kwa wasiowahi kushika beseni.
Hiranya hakukatwa pua.
Walimkata taya la kushoto, toka chini ya sikio
hadi pale ndevu zilipoanza mvi,
wakashuka mguuni, wakachomoa mfupa mwembamba,
ule ambao, alisema daktari Lalrinpuii,
mtu aweza kutembea bila kuukumbuka.

Upasuaji ulichukua saa kumi na moja.
Nilikaa kwenye benchi la hospitali, Guwahati,
mkoba wake wa kazi mapajani:
miwani, kijiko cha fedha,
kikopo cha popoo ambacho hakuna aliyethubutu kukitupa.

Kwetu mgeni hapokewi kwa maneno matupu.
Hupewa tambuu, chokaa, popoo, juu ya sinia la shaba.
Miaka thelathini na miwili nimemkunjia majani kwa vidole hivi.
Mtu asiniambie kwamba si kosa langu.
Asiniambie pia kwamba ni langu.

Alikuwa mwonja chai. Kiwandani Jorhat,
vikombe mia mbili kwa asubuhi moja:
anafyonza kwa sauti, anazungusha, anatema,
kisha anasema, "Hii ilichumwa baada ya mvua."
Hakukosea. Labda mara moja, mwaka wa mafuriko.

Sasa anajitania, kwa maneno yaliyovimba:
mguu wangu umefika
mahali ambapo miguu haifiki.
Ngozi waliyompandikiza ndani ya shavu nayo ilitoka mguuni,
haijui kwamba imehama; inaota vinyweleo.
Kila Jumapili nashika tochi na kibano,
anaachama dirishani, nami nang'oa
kimoja, kimoja,
kama mtu apaliliaye bustani ya jirani.

Wageni huja. Nawapa biskuti.
Hulitazama sinia ukutani, huutazama uso wake, hutazama saa.

Wiki ya tisa nilipika chai ya rangi.
Nikaipooza. Akatwaa kijiko.
Upande wa kushoto ilivuja hadi kwenye shati.
Upande wa kulia alikaa nayo, macho kayafumba,
gari la maziwa likapita, likageuka, likarudi.

Hakusema ilichumwa lini.
Alisema, "Maji yalichemka mno,"
nami niliyekuwa nikingoja hukumu nyingine
nikaenda jikoni kubandika mengine.