Kielelezo Namba Kumi na Nne

Humu mimi ni vidole tu.
Ghorofa ya tisa, Toledo, Februari,
mto Maumee chini umeganda kama shahamu,
nami nachapa kila linalosemwa, kwa malipo ya ukurasa.
Mashine yangu haina kitufe cha kuguna.
Haina kitufe cha mkono uliofichwa chini ya meza.

Mkono ni wa Verlene Tisdale, mshonaji wa mapazia,
miaka sitini na mitatu, mdai.
Vidole viwili havikunjiki tangu usiku ule
walipovunja mlango wa namba 418
wakimtafuta mtu wa namba 481.
Kwanza alipeleka malalamiko kituoni, akajibiwa
kwa barua ya mistari mitatu: hakuna kosa lililoonekana.
Kesi ya ngedere ilikwenda kwa nyani
ikarudi imepigwa muhuri.
Ndipo akafungua madai.
Si jinai, hakuna atakayelala ndani.
Madai tu: nani alimvunja nani, na kwa dola ngapi.

Sajini Krukowski ameapa. Amenyoa vizuri.
Wakili Saliba anauliza.

Nani alisoma anwani?
Sikumbuki.
Nani alimlaza mama huyu kifudifudi?
Sikumbuki.
Alikuwa anasema nini?
Sikumbuki.

Baada ya mara ya saba nikalitengenezea neno hilo mkato,
vitufe viwili kwa mpigo mmoja,
maana hata kusahau kwa mtu mwingine
kunachosha vidole.
Kufika adhuhuri nilikuwa nimelipiga mara arobaini na moja.
Wakili wa jiji alianza kukusanya kalamu zake.

Halafu Saliba, kama mtu anayeulizia hali ya hewa:
Kuna chochote unachokikumbuka, Sajini?
Naye, labda kwa uchovu, labda kwa adabu tu:
Harufu. Kuna kitu kilikuwa kinaungua jikoni.

Soma tena jibu hilo, Saliba akaniambia.
Nikasoma, kwa sauti yangu,
sauti ambayo mle ndani hailipwi:
Kuna kitu kilikuwa kinaungua jikoni.

Akainama, akatoa sufuria kwenye mfuko wa karatasi.
Tako lake jeusi ti,
maharage yameshikamana nalo kama kokoto kwenye lami.
Kielelezo namba kumi na nne.
Ripoti yenu inasema mliingia na kutoka kwa dakika nne.
Bi Tisdale alikuwa ndiyo kwanza ameyabandika, maji yamejaa pomoni.
Sajini, umewahi kupika maharage?

Njia ya mwongo fupi.
Hii ilikuwa na urefu wa sufuria moja.

Pingamizi! akasema wakili wa jiji.
Nikachapa pingamizi.
Verlene akacheka, kicheko kidogo cha puani.
Hicho sikukichapa. Kanuni ni kanuni.

Jiji lililipa Juni, bila kukiri kosa.
Fedha zilitoka kwenye kodi, na ya Verlene imo humohumo:
amejilipa kipande cha mkono wake mwenyewe.
Krukowski bado yuko zamu, nasikia,
upande wa mashariki.

Alikuja kuchukua nakala, kurasa mia mbili na kumi na mbili.
Akanisimulia kifungu cha sita cha mapatano:
Mdai hatazungumza.
Alikikata kwa kalamu nyekundu,
na mstari ule mmoja ulimpunguzia dola elfu thelathini.

Ghali, nikasema.
Mapazia mengi sana, akasema.

Akalipa kwa noti, akizihesabu kwa mkono uleule,
polepole, vidole viwili vimesimama wima
kama mashahidi wasioitwa.
Akauliza, ule wa harufu ni ukurasa gani?
Themanini na nane.

Akautafuta.
Akaukunja pembe.