Ulanzi wa Oktoba

Nilitumwa Mafinga na wakili wa kiwanda,
nikashuka na kamera, futikamba, faili la kijani.
Dai lenyewe: vidole vitatu vya mkono wa kulia,
mali ya Ezekia Luvanda, mpasua mbao, zamu ya usiku.
Mdai anasema msumeno haukuwa na kinga.
Sisi tunasema alikuwa amelewa.

Sisi. Neno fupi; lina mshahara ndani yake.

Meneja akanionesha kinga: bati la manjano,
limekazwa kwa nati nne.
Nikapima. Nikapiga picha. Nikaandika: *ipo*.
Mashine nzima ilikuwa kutu na utomvu wa misindano,
maranda yameganda kila pembe,
ila nati zile ziling'aa kama meno ya mtoto.
Hilo sikuliandika.
Nililipiga picha tu, nikajiambia
picha haina mdomo.

Kisha mashahidi: Kikoti, Mgaya, na kijana Fute
aliyekuwa bado na unga wa mbao kwenye kope.
Mmoja baada ya mwingine alivua kofia, akasema:
"Usiku ule wa tarehe tisa Oktoba
Luvanda alikuwa amekunywa ulanzi,
wa kugemwa siku hiyohiyo."
Watatu. Maneno yaleyale, urefu uleule,
mbao mbili kwa nne zilizopita msumeno mmoja.

Kalamu ikafika *ulanzi*, ikasita.

Mimi sheria sikusoma. Nimezaliwa Ifunda,
nyuma ya nyumba mama aligema mianzi kumi na miwili.
Naijua mbeta ya alfajiri, nyuki wamezama kwenye povu,
naujua mwanzi mchanga unavyolia masika
ukichongwa kidogo tu kila asubuhi na jioni.
Na Oktoba naijua pia:
moto wa mashamba, vumbi hadi kwenye uji,
mwanzi umekauka koo, mbeta zimetundikwa darini.
Wangesema komoni, ningeandika bila kuinua kichwa.
Wangesema gongo, ningepiga mstari chini yake.

Aliyewafundisha hakuwahi kugema.
Lakini wao?
Kikoti ana mvi na kichaka chake cha mianzi.
Aliponipa mkono wa kwaheri aliushikilia kidogo,
akaniuliza kwetu ni wapi.
Nilipomjibu, akatikisa kichwa taratibu
kama mtu aliyeuacha mlango bila komeo
na sasa amesikia hatua.

Jioni nilikwenda kwa Luvanda.
Agizo lilisema: mpige picha akifanya kazi.
Nilimkuta anamenya viazi kwa mkono wa kushoto,
viazi vinateleza, anaviokota, anavipangusa kwenye goti.
Mkewe hakuitikia hodi yangu.
"Wewe ni wa kwao?" Luvanda akauliza.
"Ndiyo."
"Basi sogea. Baridi haichagui upande."
Nikamuuliza kuhusu pombe. Hakukana.
"Ulanzi ukiwepo nakunywa, tena sana.
Njoo Machi unikute."

Kamera ilibaki kwenye begi.

Sasa ni usiku, nyumba ya wageni, blanketi mbili.
Ripoti ina kurasa sita; ule wa nne nimeuandika mara tatu.
Mara ya kwanza nati zilikuwa *nati*.
Mara ya pili zikawa *nati mpya*.
Mara ya tatu nikaandika bei yake, duka, na tarehe ya risiti:
tarehe kumi na moja Oktoba.
Muuza vyuma aliniachia nakala
kwa kuwa nilinunua betri za tochi.

Simu inaita. Wakili, yuko mjini kwenye joto.
"Umepata?"
"Nimepata."
"Mashahidi wamesimama vizuri?"
"Wamesimama kama miti."
"Basi tuna utetezi."
Nje lori la magogo linapanda kuelekea Makambako,
linanguruma gia moja, moja, moja.
Nangoja lipite.

"Bosi," nasema, "kwanza niambie:
huko kwenu, mvua hufika mwezi gani?"