Kutoa Hewa

Klachi ilizama hadi sakafuni asubuhi
na haikurudi.
Gari la mkate, miaka thelathini na moja,
limekaa mlangoni pa ghala, unga mgongoni.

Eladio kaja na spana namba kumi,
mpira mwembamba, chupa ya jemu.
Hakubisha hodi. Hermitas hakumkaribisha.
Tangu mazishi ya Fuco, na ule mpaka wa shamba la viazi,
miaka minne salamu zao hupitia kwa mbwa.

Raba za silinda ya chini zimekuwa masizi.
Kazibadilisha, kajilaza juu ya gunia,
mvua ya Lugo ikimlowesha visigino.

"Kanyaga."
Anakanyaga.
"Shikilia."
Skrubu robo mzunguko: mafuta yanakohoa,
vipovu vinapanda chupani, vikubwa kama macho ya samaki.
Kabla hajafunga, mguu umeachia.
Hewa imerudi yote.

"Fuco naye hakuwa na subira,"
inasema sauti chini ya gari.
Hermitas anacheka, au anakohoa.

Kanyaga. Shikilia. Achia.
Mara ishirini, thelathini,
na kikopo cha juu kijazwe, kisije kikanywa upepo,
hadi mafuta yanashuka uzi mmoja, kimya,
na pedali inausukuma unyayo wake,
inakataa kidogo.

Gia ya kwanza imeingia bila kelele.
Kesho saa kumi alfajiri mikate itaning'inia vitasani.
Kuhusu mpaka, hakuna aliyesema kitu.

Chupa ya jemu kaiacha ukutani, mafuta machafu ndani.
Atasema kaisahau.