Mawe Matatu

Mama Kageha aliileta imeviringishwa kwa kitambaa cha meza,
tochi ya bati, ya mawe matatu, ndefu kama mkono wa mtoto,
akailaza mezani pangu, Chavakali, kati ya redio mbili
zilizofumuliwa matumbo.
Haikuanguka, akasema. Haikunyeshewa.
Hata haijatumika.

Hiyo ndiyo shida yake, nilitaka kusema.
Sikusema. Nilishika kifuniko cha nyuma, kikagoma.
Nikakizungushia mpira wa baiskeli, nikakaza mkono,
kikalia kama mlango wa nyumba isiyokaliwa.

Jiwe la kwanza lilitoka lenyewe.
La pili lilitoka na ndevu nyeupe.
La tatu halikutoka.
Lilikuwa limetapika, likafura, likang'ang'ania bati
hata hujui jiwe linaishia wapi na tochi inaanzia wapi.

Nayajua mawe.
Nimeyaanika juu ya mabati ya jiko tangu nikiwa na meno ya utoto,
tukayang'ata kiunoni yatupe nusu saa zaidi ya taarifa ya habari,
na yakifa kabisa tuliyaponda, tukachukua ule unga mweusi
tukausiliba ubao wa darasa la nne,
mwalimu Lugalia akaandika juu yake hesabu za kugawanya.
Jiwe lililofanya kazi likachoka halina kinyongo.
Lile lililowekwa tayari, likangoja,
ndilo huila nyumba liliyopewa.

Uliyatia lini?

Akahesabu kwa vidole. Mkono mmoja haukutosha.
Chunguli alipotuma ujumbe kwamba anakuja, akasema.
Gari hufika usiku, na njia ya kwetu unaijua,
kutoka lami hadi mtoni ni mawe, yale mengine,
ya kuvunja vifundo vya miguu.
Nikanunua mapya kwa pesa ya parachichi.
Nikaiwasha mara moja, nikauona ukuta, nikazima.
Nisije nikayamaliza kabla hajafika.

Redio moja ilikoroma nyuma yangu, ikanyamaza.

Nilikamua ndimu. Siki nayo inafaa,
ila ndimu ina adabu zaidi puani.
Tone likaugusa ule ukoko, ukachemka,
povu dogo, kama mtu anayenong'ona akiwa na mate mdomoni.
Usiguse, nikamwambia, hii huchoma polepole,
hutajua mpaka jioni.
Akauondoa mkono. Kisha akaurudisha,
si kugusa, kuwa karibu tu.

Mswaki mkuukuu. Kipande cha msasa.
Springi ilikuwa kijani kama mdomo wa mbuzi;
nikaisugua hadi ikakumbuka rangi yake.
Lile la tatu nililigonga kwa mti kupitia mbele,
kioo na balbu nimeshavitoa,
na kwa pigo la saba likaanguka juu ya gazeti
kama gego la ng'ombe.

Tukatia mapya, ya duka la Kisia.
Ikawaka. Si weupe ule wa simu;
manjano, ya maziwa yenye mafuta,
ikapanda hadi kwenye dari, ikamfumania buibui.

Akaitazama muda.
Siku hizi simu yake ina tochi, akasema.
Wote wana tochi ndani ya simu.
Na stima imeletwa hadi mtoni.

Nikamwelekeza: ukifika nyumbani yatoe,
uyafunge kwa karatasi kavu,
tochi huku, mawe kule,
na siku ukisikia honi uyatie.
Haichukui hata dakika.

Ndiyo, akasema. Akalipa shilingi sitini,
akakunja kitambaa chake mara nne, akakitia kwapani,
akatoka.

Ilikuwa saa nane mchana, jua limepiga magoti juu ya mabati ya soko.
Alikuwa akienda taratibu kuelekea kwao
akimulika vumbi mbele ya miguu yake.
Mama, nilimwita, inawaka!

Najua, alijibu, bila kugeuka.