Mteja Amekataa

Waya huu nimeuweka kwenye bahasha ya mchango wa harusi,
jina la bwana harusi bado linasomeka.
Mweusi, umejikunja kama mguu wa kuku jikoni.
Ushahidi.

Jumatatu nzima nilijifunza la kusema.
Nilisema mbele ya kioo, nikasema kwa mke wangu,
nikasema kwa kirikuu chenyewe kilivyolala uani,
dashibodi imening'inia, taya la mgonjwa wa meno.

Taa nilizitaka mimi.
Mwika, saa kumi alfajiri, ukungu haukuulizi una watoto wangapi.
Unateremka nao hadi Himo na mikungu arobaini ya mshare mgongoni,
taa za kiwandani zinamulika maziwa matupu.
Nikamwendea Ndewario, kule Pasua.
Alizifunga kwa saa moja na nusu,
waya anaumenya kwa meno, redio inatangaza vifo.
Siku tatu nilikuwa mwenye barabara.

Siku ya nne, Uchira.
Kwanza harufu. Nikalisingizia lori la mbele.
Kisha moshi kwenye matundu ya hewa,
mwembamba, wa adabu, mgeni anayebisha hodi.
Kisha haukubisha tena.
Terminali ya betri niliing'oa kwa mkono mtupu,
alama hii hapa, chini ya kidole gumba.
Mikungu ilikaa kando ya lami siku mbili
ikaiva kwa jua na kwa aibu,
nikamuuzia mama mpika mbege kwa bei ya majani.

Eliakunda, fundi umeme wa Majengo,
alichungulia kwa tochi ya simu, akacheka,
halafu akaacha kucheka.
"Hapa hapana fyuzi. Hapa hapana relei.
Na hii, kaka, ni plasta ya kidonda."
Akaniwekea kiganjani. Plasta. Ya zahanati.
Laki mbili na themanini kusuka nyaya upya,
swichi mbali.

Basi nikaenda Pasua na bahasha yangu.
Nikaumwaga waya juu ya meza yake,
kati ya spana na kikombe cha uji.
Nikafungua mdomo.
Ndewario hakubisha. Alipangusa mikono,
akavuta daftari lililolowa oili,
akalamba kidole, akarudi nyuma kurasa nne,
akanigeuzia:

Taa 2. Waya mita 5. Swichi 1.
Relei 1 na fyuzi 1, elfu kumi na nne: mteja amekataa.

Mteja.
Nikamwona huyo mteja: kaegemea mlango,
anachokonoa meno, anasema, "Fundi, mwanga ni mwanga,
usinipambie gari."
Kofia yake ndiyo hii niliyovaa.

Hotuba yote ikanikwama kooni, mwiba wa perege.

"Ila plasta," alisema yeye, macho chini,
"plasta ni yangu. Tepu iliisha, duka liko mbali."
Duka liko ng'ambo ya barabara.
Tuligeuka tukalitazama, wote wawili.

Tukakaa. Uji ukapoa. Hakuna aliyeapa.
Laki na ishirini, mafungu matatu;
la kwanza limeingia kwenye simu jana, pungufu elfu tano.
Relei nilinunua mwenyewe, pale pale ng'ambo.
Elfu kumi na nne. Nilizihesabu mara mbili
kana kwamba safari hii zingekataa zenyewe.

Kirikuu kimeamka. Kinapanda Mwika, kinashuka.
Ila nikipiga honi pale Kiboriloni
waipa ya kushoto inainuka,
inafuta kioo kikavu, mara moja, taratibu,
inarudi kulala.
Eliakunda anasema hajui kwa nini.
Mimi siku hizi honi napiga kwa uchache.