Nimesimama na Soksi

Saa mbili usiku, jikoni kwa Bi Orpha Lindquist,
ghorofa ya tatu, nawasha taa
na sakafu inatawanyika.
Kombamwiko wa Kijerumani: mdogo, rangi ya chai ya maziwa,
mistari miwili kisogoni kama reli.
Ana mbio, ndiyo, lakini ni mbio za mdaiwa,
ubavu ukutani, vipapasio vikisoma giza,
na upepo wa kiatu changu humfikia
kabla ya kiatu chenyewe.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wanasema.
Kwa huyu, ukingo ndio mlango wa nyumbani.

Napuliza dawa. Mwaka wa ishirini na sita sasa.

Asubuhi binti yangu Zdenka ananipeleka
kwenye kinamasi cha chumvi, nje kidogo ya Lincoln,
matope meupe, yamepasuka kama midomo ya mgonjwa.
Amebeba vichupa hamsini, kila kimoja na buu wake,
aliyemlisha kwa koleo majira yote ya baridi.
"Baba, usikanyage hapo!
Wamebaki mia chache duniani kote."
Mia chache.
Nyuma ya friji ya Bi Orpha peke yake…
nikanyamaza.

Yule hula chochote: makombo, sabuni,
gundi ya bahasha ambayo haikutumwa.
Huyu ana masharti kama bwana harusi:
chumvi iwe kiasi hiki, jua liwe lile,
tope lisikauke, lisilowe.

Kisha akatokea mmoja mzima, mbawakawa-chui,
kahawia, na kijani kidogo akigeuka juani.
Akakimbia. Akasimama. Akakimbia.
"Anakwenda kasi hata macho yanamshinda," Zdenka ananong'ona.
"Dunia inakuwa ukungu, ndipo asimame,
akitafute upya alichokuwa akikifukuza."
Hana ukuta wa kupapasa.
Vipapasio amevikakamaza mbele
kama fimbo ya kipofu, kwenye jua la mchana.

Viatu vyangu viko garini.
Zdenka ameviamuru vibaki huko, kwa sababu ya dawa,
name sikubisha.
Matope yanapenya soksi, baridi, yakiniwasha.

Mdudu akaja, akasimama
shubiri moja kutoka kidole changu gumba.
Maisha yangu yote wamekuwa wakinikimbia.
Leo mmoja amesimama,
na mimi ndiye nisiyethubutu kusogea.